Dole Gumba la Miwani

Wasomaji waliomlilia Mama Mkwe wiki nzima, tangu tulipomwacha angani, wafute machozi. Hajafa.

Alikuwa bado angani, kwenye kiti cha nyuma cha ndege ndogo, amekumbatia mkoba wake. Mbele yake pangaboi la ndege lilizunguka kivivu, kama feni ya ofisi ambayo mkubwa wake yuko likizo. Injini ilikohoa, ikapiga chafya, ikanyamaza. Walikuwa wametoka kuruka muda mfupi tu, na mapaa ya nyumba yalikuwa karibu kiasi cha kuhesabika mabati.

"Mbona kimya?" aliuliza Mama Mkwe.

"Injini imezimika, Mama," alijibu Rubani bila kugeuza shingo.

"Si uiwashe!"

"Nimejaribu. Haitaki."

"Basi geuka! Uwanja wa ndege ule pale nyuma, nauona!"

"Nikigeuka tunakufa."

Na kweli wangekufa. Ndege iliyo chini namna ile, bila injini, inaishi kwa mwendo wake tu. Ukiilaza upande ili ugeuke, mwendo unakwisha, na ndege inadondoka kama tofali. Marubani wote hufundishwa jambo hilo. Waliozikwa walifundishwa pia, ila waliuona uwanja nyuma yao wakashindwa kujizuia.

Rubani hakuutazama uwanja. Alishusha pua ya ndege, akalenga mbele, kwenye kiwanja cha mpira cha shule iliyofungwa. Magurudumu yakapiga chini, yakaruka, yakapiga tena. Nyasi zikafyekwa. Bawa la kulia likang'oa goli zima, na ndege ikasimama.

Mama Mkwe alifungua jicho moja, akalitazama lile goli lililolala juu ya bawa.

"Nifungulie mlango," alisema. "Nataka kumwona mkwe wangu nikiwa bado na hasira."

Hakungoja sana. Mkwe wake alifika na gari lake kubwa, akavuka kiwanja mbio huku ameshika mkanda wa suruali.

"Mabawa yangu!" alilia. "Jamani, mabawa yangu!"

Hakuwa na maana ya mabawa ya ndege. Alikuwa na maana ya yale mabawa ya dhahabu yaliyochorwa ubavuni, nembo ya kampuni yake, ambayo sasa yalikuwa na mkwaruzo. Huyu ndiye mjomba wa Rubani, mwenye kampuni ya ndege mbili, na mji mzima ulimwita Bwana Mabawa. Alikuwa na mabawa kwenye shati, kwenye tai, kwenye geti na kwenye tangi la maji. Kupanda ndege hakuwahi. Aliposafiri alipanda basi, akisema kwamba mtu wa hadhi yake anahitaji muda wa kufikiri.

"Sisi wazima, ahsante kwa kuuliza," alisema Mama Mkwe.

"Mama! Shikamoo, Mama. Nilikuwa nakuja huko huko." Kisha akamgeukia Rubani. "Wewe umefanya nini?"

"Injini imekata, Mjomba."

"Injini haikati yenyewe. Umeishika vibaya."

Rubani alichukua kile kikombe cha plastiki angavu ambacho hukaa mfukoni mwa mlango, akapiga magoti chini ya bawa, akabonyeza kijibomba cha kuchotea mafuta. Kikombe kikajaa. Akakiinua juu.

Petroli ya ndege hizi ndogo hutiwa rangi ya bluu kiwandani, makusudi kabisa, ili hata mjinga aitambue. Kilichokuwa kikombeni hakikuwa na rangi yoyote. Alikinusa. Alichovya kidole, akaramba.

"Mjomba, haya ni maji."

"Maji kidogo si kitu. Hata mimi ninakunywa maji."

"Wewe si injini, Mjomba. Kikombe kizima ni maji."

Kama huelewi kwa nini rubani huyu hakukichota kikombe hicho kabla ya kuruka, sikiliza, maana hapa ndipo upumbavu wenyewe ulipolala. Duniani kote rubani wa ndege ndogo huinama chini ya bawa, akachota mafuta, akayaangalia kwa macho yake, ndipo akapanda. Bwana Mabawa aliliona jambo hilo siku moja akafedheheka. "Rubani wangu si mchota maji," alisema. "Abiria wakimwona anainama chini ya bawa watadhani ndege inaumwa." Akapiga marufuku. Tangu hapo rubani alikaa kwenye kiti chake na shati jeupe, na mtunza mafuta ndiye aliyechota kikombe, akakitazama, akainua dole gumba.

Na mtunza mafuta alikuwa nani? Alikuwa mdogo wa kiume wa mke wa Bwana Mabawa, mtoto wa mwisho wa Mama Mkwe, bwana mmoja aliyeitwa Miwani. Sifa yake ya kwanza kwa kazi ile ilikuwa dada yake. Sifa ya pili haijapatikana mpaka leo. Alijipulizia marashi mengi kiasi kwamba asingeweza kunusa petroli hata angetumbukia ndani yake.

Rubani alilalamika mara moja. Bwana Mabawa akamuuliza ni nani aliyemsomesha urubani baba yake alipofariki. Swali hilo alikuwa akiulizwa tangu arudi chuoni, kwenye chai, kwenye harusi na msibani. Akanyamaza, akapokea dole gumba. Huko ndiko kulikokuwa na kosa lake, na alilijua.

"Sasa nisikilize, binti yangu," alisema Bwana Mabawa, sauti imeshakuwa asali. "Mkaguzi wa usafiri wa anga amekwisha pigiwa simu. Atauliza. Utamwambia kwamba ulichota mafuta mwenyewe, ukaona maji, ukaruka kwa haraka zako."

"Lakini si kweli."

"Ukweli tutausema siku nyingine. Wakijua ni sheria yangu, watafunga kampuni. Ukisema ni wewe, ni mtu mmoja tu anaumia."

"Nitanyang'anywa leseni maisha yangu yote."

"Leseni hiyo nilikununulia mimi."

Mama Mkwe alikuwa amesimama kando akijipangusa nyasi. Alisikia kila neno.

*

Ofisi ya Bwana Mabawa ilitazama uwanja wa ndege. Kiti chake kilikuwa kirefu, viti vya wageni vifupi, ili kila aliyekaa amtazame puani. Pembeni, redio ya kuongea na ndege ilikuwa ndani ya kisanduku cha mbao chenye kufuli. Alikifunga mwenyewe, kwa sababu alishuku wafanyakazi wanapigia soga humo, na funguo alitembea nazo.

Mkaguzi alikuwa mtu mwembamba, mkavu, asiyekubali soda. Hakukaa kwenye kile kiti kifupi. Alisimama dirishani.

"Mbona mapipa yako ya mafuta yamesimama wima?" aliuliza.

Nje, ukutani mwa ghala, mapipa yalikuwa yamejipanga kama askari wa gwaride, kila moja na mabawa yake ya dhahabu.

"Ili nembo isomeke," alisema Bwana Mabawa kwa fahari. "Yakilala, mabawa yanakuwa kichwa chini."

"Na mvua ikinyesha?"

"Yanaoga."

Alicheka peke yake.

"Pipa likisimama, mvua inatuama juu ya kifuniko," alisema Mkaguzi. "Jua likiondoka pipa linapoa, linavuta pumzi, linafyonza yale maji ndani kupitia kizibo. Ndiyo maana watu hulaza mapipa. Wewe umeyasimamisha yanywe." Akamgeukia Rubani. "Kapteni, nani alikagua mafuta ya leo?"

Bwana Mabawa alikohoa. Rubani alitazama sakafu, kisha akainua macho.

"Miwani alikagua. Mimi nilipokea dole gumba kutoka kwenye kiti."

"Dole gumba si ukaguzi."

"Najua."

"Kwa hilo utakaa chini bila kuruka miezi kadhaa na utafanya mtihani upya. Unastahili." Mkaguzi alisema bila huruma, wala bila chuki. "Lakini leseni yako utabaki nayo. Angekuwa rubani aliyeona maji akaruka, huyo nisingemruhusu arushe hata tiara."

"Anamlinda mtu!" Bwana Mabawa alidakia. "Mpwa wangu ana moyo laini. Aliyaona maji. Mtunza mafuta wangu ni mtu makini, ana macho kama tai."

"Macho ya nani?" Ilikuwa sauti ya Mama Mkwe. Alikuwa amekaa kwenye kiti kirefu cha Bwana Mabawa, na hakuna aliyethubutu kumwondoa. "Mimi nilikuwa dirishani mwa ndege. Nilimwona mwanangu anachota. Alikiinua kikombe juani, akakitazama na miwani yake usoni, akainua dole."

"Miwani ya jua?" aliuliza Mkaguzi.

"Ya jua, ya kivuli, ya chumbani. Haivui hata akinawa uso."

"Vioo vyake vya rangi gani?"

"Bluu."

Mkaguzi alitabasamu kwa mara ya kwanza, na halikuwa tabasamu la kupendeza.

"Kwa miwani ya bluu," alisema, "hata maji ya kisima ni petroli ya ndege."

Bwana Mabawa alijifuta jasho kwa leso yenye mabawa. "Mama, unamshitaki mwanao wa kumzaa?"

"Nimemzaa, nimemlea, na nimemwambia avue hiyo miwani. Leo nimedondoka kutoka mawinguni, mkwe wangu. Nani ananitisha tena? Wewe?"

"Yuko wapi huyo Miwani?" Mkaguzi aliuliza.

"Amepata udhuru," alisema Bwana Mabawa haraka mno.

"Basi nitaanza na mapipa." Mkaguzi alichukua kikombe, akatoka.

Rubani alishusha pumzi. Miezi kadhaa chini, mtihani upya. Angeweza kuvumilia hayo. Alikuwa bado rubani.

Ndipo aliposikia mlio. Aliujua kabla hajafika dirishani. Ndege ya pili ilikuwa imetoka bandani, inatambaa kuelekea mwanzo wa njia ya kurukia.

"Nani anaruka?"

"Mumeo," alisema Bwana Mabawa. Alikuwa akitazama ukutani. "Anampeleka shemeji yangu kupumzika kidogo, mpaka Mkaguzi aondoke mjini."

Mume wa Rubani alikuwa rubani pia, na hodari. Tatizo lake lilikuwa moja. Bwana Mabawa akisema ruka, aliruka. Akisema kaa, alikaa. Akisema leo ni Ijumaa wakati ni Jumatatu, aliomba radhi kwa kuchelewa. Jibu lake lilikuwa "Ndiyo, Mzee," na wenzake walimwita jina hilo hilo, Ndiyo Mzee, mbele ya mkewe, naye akacheka pamoja nao.

"Mafuta yake yametoka pipa lipi?" Rubani aliuliza.

Bwana Mabawa aliinyoosha tai yake.

"Mjomba! Pipa lipi?"

"Ni... lile lile. Lilikuwa limeshafunguliwa."

"Na nani alikagua?"

"Si unajua sheria yetu. Shemeji alikagua."

Mama Mkwe aliinuka kwenye kiti. "Mwanangu amepanda ndege aliyoijaza maji kwa mkono wake mwenyewe?"

"Fungua redio, Mjomba! Tumwambie asimame!"

Bwana Mabawa alitoa shada la funguo mfukoni. Kisha akasita, na nitakueleza kwa nini, ingawa naona aibu kuandika. Hakusita kwa hofu. Alisita kwa sababu aliona nafasi.

"Kwanza ukubali," alisema.

"Nini?"

"Mbele ya Mkaguzi. Useme uliyaona maji ukaruka. Ukishasema, nafungua."

"Mume wangu yumo ndani ya ile ndege!"

"Ndiyo maana nasema uharakishe."

Rubani aliurukia mkono wake. Bwana Mabawa, mnene lakini mwepesi pale mali yake inapoguswa, akaziingiza funguo kwenye mfuko wa suruali, akaubana kwa viganja viwili. Mama Mkwe akampiga na mkoba kisogoni. Akampiga tena. Alijikunja, lakini mfuko hakuuachia.

"Mwite!" alipiga kelele kutoka chini ya mkoba. "Mwite Mkaguzi!"

Nje, ndege ilikuwa imefika mwanzo wa njia, inageuza pua. Kuikimbilia kwa miguu lilikuwa jambo la kichaa. Uwanja ulikuwa mrefu na mlinzi aliyekuwa karibu na ndege alikuwa anaipungia mkono wa kwaheri.

Rubani alifungua dirisha. "Mkaguzi! Njoo!"

Mkaguzi alirudi na kikombe chake. Kilikuwa kimejaa, cheupe kama glasi ya mgonjwa hospitalini. Alifungua mdomo aeleze alichopata. Hakupewa nafasi.

"Nilichota mwenyewe," alisema Rubani. "Niliona maji. Niliruka kwa haraka zangu. Kosa ni langu."

Mkaguzi alimtazama, akamtazama Bwana Mabawa aliyekuwa na nywele zilizosimama, akamtazama Mama Mkwe mwenye mkoba uliopasuka.

"Kapteni, unajua unachokisema?"

"Najua. Mjomba, fungua!"

"Umesikia, Mkaguzi?" Bwana Mabawa alinyoosha shati. "Umesikia vizuri? Maana amesema haraka haraka. Labda arudie, kwa utulivu..."

"FUNGUA!" walipiga kelele wote watatu, Mkaguzi akiwemo, maana alikuwa amegeuka dirishani na kuelewa.

Ufunguo wa kwanza haukuwa wenyewe. Ulikuwa wa kabati la soda. Wa pili uliingia. Rubani alikivuta kipaza sauti kwa nguvu iliyotingisha kisanduku.

"Usiruke! Mume wangu, usiruke! Mafuta ni maji!"

Redio ilikwaruza.

"Nimesharuka," ilijibu sauti ya mumewe, ya kawaida kabisa, kama mtu aliyeulizwa kama ameshakula. "Kuna nini? Mbona unaongea wewe? Mzee yuko wapi?"

Na kweli, nje ya dirisha, magurudumu yalikuwa yameachana na ardhi. Ndege ilipita juu ya ghala, juu ya yale mapipa, mabawa ya dhahabu yakimetameta ubavuni. Mlio wake ulikuwa mzuri.

Kisha haukuwa mzuri.

"Inakohoa," ilisema redio, na sasa haikuwa sauti ya kawaida. Nyuma yake alisikika Miwani anamwita mama yake.

"Nisikilize mimi tu," alisema Rubani. "Shusha pua. Sasa hivi. Nenda mbele moja kwa moja."

"Mbele kuna kiwanja cha mpira. Ndege yako iko katikati!"

"Pita kushoto kwake. Nyuma ya goli kuna shamba la mtama. Lenga shamba. Utavunja magurudumu, utaishi. Usigeuke. Umenisikia? Chochote utakachoona nyuma yako, usigeuke."

"Shamba. Sigeuki. Nimekusikia."

Alimsikia. Mimi ninayewasimulia naapa kwamba alimsikia, na pua ya ndege ilikuwa imeanza kushuka kama alivyoambiwa. Mama Mkwe alikuwa ameshika bega la Rubani kwa mikono yote miwili.

Bwana Mabawa peke yake ndiye aliyekuwa akifikiri. Alifikiri juu ya shamba la mtama. Alifikiri juu ya magurudumu. Ndege moja ilikuwa imekumbatia goli, na sasa huyu mpwa wake, mwenye kosa aliyekiri mbele ya shahidi, alikuwa anaamuru ya pili ikalime mtama.

Mkono wake ulipita juu ya bega la Rubani, ukapokonya kipaza sauti.

"Mimi hapa!" alinguruma. "Ndege yangu haitui shambani! Geuka urudi uwanjani! Ni amri!"

"Usi—" Rubani alipiga kelele, lakini kidole cha Bwana Mabawa kilikuwa kimekwisha achia kitufe cha kuongelea, na sauti yake haikwenda popote.

Redio ilikwaruza. Injini haikusikika tena nyuma yake, upepo tu.

"Ndiyo, Mzee," ilijibu.

Na nje ya dirisha, taratibu, kwa utiifu, bawa la kushoto likaanza kuinama.